Kakule, Ngoja Kidogo

Kwetu jina ni hesabu.
Mvulana wa kwanza Mumbere, wa pili Kambale,
wa tatu huyu aliyeacha ziwa juzi, Kasereka.
Wa nne hajaja, lakini jina lake limekwisha kufika,
limekaa kibarazani, linapangusa miguu vumbi:
Kakule.
Mama mkwe humtaja kila Jumapili tukitoka misa,
macho yake tumboni mwangu
kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani.

Kwenye kituo cha afya Ndosho, muuguzi Nzigire
aliniuliza damu yangu inakujaje tangu irudi.
Kwa adabu, nikasema, siku ishirini na nane, tisa.
Akanipa mkufu usio wa kuvaa:
shanga thelathini na mbili, moja nyekundu,
kumi na mbili nyeupe, nyingine rangi ya udongo,
na kipete cheusi cha mpira
cha kusogeza kila asubuhi, shanga moja, si mbili.
"Kipete kikiwa kwenye nyeupe, shamba limelowa.
Asiyetaka kuvuna asipande.
Na usije ukasema nilikuahidi ukuta.
Huu ni uzio, na uzio hulindwa na wawili."

Wawili! Nilicheka njia nzima.
Muhindo wangu, msukuma chukudu,
hushusha viazi kutoka Kibumba,
hurudi na vumbi jeusi mpaka kwenye kope,
hula bugali kwa lengalenga, hasemi.
Niliutundika mkufu msumarini, kando ya redio.
Akautazama kama tunavyotazama
bendera ya wale wanaopima mlima:
kijani, tulale; njano, tufunge mizigo.
Usiku wa nyeupe aligeukia ukutani,
akakohoa kikohozi kisichotoka kifuani.
Hasira au heshima, sikujua.
Giza halina uso.

Mwezi wa tatu wa shanga, mlima ukatapika.
Anga ikawa nyekundu kama mdomo wa tanuri.
Kasereka mgongoni, Kambale mkononi,
Mumbere na kuku wake,
Muhindo mbele, na juu ya chukudu
godoro, na juu ya godoro mama yake,
tukashika barabara ya Sake pamoja na dunia nzima.
Mkufu nilikuwa nimeuvaa, mara ya kwanza,
chini ya kitenge.

Kulipopambazuka, kwenye uwanja wa shule, nikaupapasa.
Kipete hakipo.
Kimebaki barabarani huko, kati ya viatu visivyo na wenzao.
Nikahesabu kwa vidole: siku ya soko, siku ya kufua,
siku mvua ilipoingia chumbani…
hofu ilikuwa imeila kalenda.
Nikalia. Kwa nyumba sikuwa nimelia.

Muhindo aliona shanga mkononi mwangu.
Akalaza chukudu ubavu, akapangusa matope
kwenye mti wa chini, ule ambao viazi haviuoni.
Mistari. Midogo, ya kisu, imepangwa kama meno ya mtoto,
na mmoja mrefu pale damu ilipoanza.
Miezi mitatu ya mistari.
Akapitisha kidole, midomo ikicheza.
"Leo ya kumi na nne," akasema. "Nyeupe.
Zimebaki sita, ukihesabu na ya leo."
Kutoka juu ya godoro mama yake akakohoa,
na kikohozi chake pia hakikutoka kifuani.

Tulirudi. Nyumba ipo, majivu ndani ya vikombe.
Kipete kipya nilikikata
kwenye mpira wa gurudumu la chukudu.
Ni kinene, hukwama, hunilazimu kuvuta kwa meno.

Kakule yuko pale pale kibarazani.
Jioni nikichambua maharagwe namsikia akisogeza miguu.
Sina ugomvi naye.
Ngoja kidogo, mwanangu, baba yako anahesabu.
Siku utakayoingia nataka ukute sahani yako.
Au labda wewe si Kakule hata kidogo,
labda ni msichana unayecheka huko gizani,
na majina yetu yote yaanze upya, moja.